Talaka ya Ndoa ya Kwanza na Viza ya Mwenza Marekani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ofisi yetu ni chumba kimoja hapa Dodoma: meza mbili, printa yenye kelele, na benchi ambalo kuanzia saa tatu asubuhi halikosi mtu. Tunatafsiri nyaraka na kupanga mafaili ya watu wanaowafuata wenzi wao ughaibuni. Sisi si mawakili. Swali likihitaji wakili tunasema. Haya ndiyo tunayoulizwa sana na watu ambao wao au wenzi wao waliwahi kuwa na ndoa nyingine kabla ya hii.

Mtaa mzima unajua tuliachana. Kwa nini nidaiwe karatasi?

Kwa sababu neno letu "kuachana" limebeba mizigo mingi mno. Mtu akisema "aliniacha" huenda mume alihamia kwa mwanamke mwingine, huenda alimrudisha kwao Mpwapwa na sanduku lake, huenda aliandika talaka mbele ya shehe, na huenda walikwenda mahakamani. Kwetu sisi hayo yote ni kuachana. Afisa wa viza anataka kujua mambo matatu tu: nani aliivunja ndoa ile, alikuwa na mamlaka gani ya kuivunja, na ilikwisha tarehe ngapi. Mtaa haumjibu hata moja.

Fomu I-130, yaani ombi la kumleta mwenza, ambayo mwenzi wako aliyeko Marekani anaipeleka USCIS (idara ya uhamiaji ya Marekani), inataka ushahidi kwamba ndoa zote za nyuma zilikwisha, zako na zake. Zote. Wengi hukumbuka ile ya mwisho na kuisahau ile ya ujanani iliyodumu miezi saba.

"Talaka ya nje" ni ipi? Mimi nilipewa talaka hapa hapa Dodoma.

Inategemea umesimama wapi. Kwa Mmarekani, talaka ya Dodoma ni ya nje kama ilivyo ya Nairobi au Muscat. Kwa sheria yetu, ya nje ni ile iliyotolewa nje ya Tanzania. Ukifunga ndoa mpya hapa nyumbani, pande zote mbili zinakuhusu.

Utaratibu wa Marekani huanza kwa kuuliza kama talaka ilikuwa halali kule ilikotolewa. Kisha unauliza kama mahali mlipofungia ndoa mpya panaitambua, maana ndoa hupimwa kwa sheria ya mahali ilipofungwa. Kwa hiyo aliyetalikiwa Ujerumani akaolewa bomani Dodoma lazima apite milango miwili: wa Ujerumani na wa Tanzania.

Mlango wa Tanzania uko kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971, Sura ya 29. Kifungu cha 91 kinaitambua amri ya mahakama ya nje ikiwa mmoja wa wanandoa alikuwa na makazi ya kudumu katika nchi ile, au aliishi huko kwa kawaida angalau miaka miwili kabla ya kufungua shauri. Mtu aliyefundisha au kusoma Ujerumani miaka minne akatalikiwa huko anapita bila shida. Aliyepanda ndege kwenda nchi ya tatu, akakaa hotelini wiki moja na kurudi na hati ya talaka, huyo aje na wakili kwanza.

Karatasi yenyewe inaitwaje? Nimepewa tatu na sijui ipi ni ipi.

Hapa ndipo watu wengi hukwama, nasi tutakaa hapa kidogo.

Mahakama za Kenya na Uganda zina hatua mbili. Karatasi iliyoandikwa "decree nisi" juu ni ya muda. Ndoa bado ipo. Ile ya "decree absolute" ndiyo inayoikata. Tumepokea zaidi ya mara moja bahasha iliyosafiri kwa basi kutoka Nairobi hadi stendi ya Nzuguni, ndani yake ile ya muda peke yake, na mwenyewe anaapa kwamba alitalikiwa miaka mitano iliyopita. Pengine kweli. Lakini karatasi aliyoishika inasema bado.

Uingereza na Wales walikuwa na majina hayo hayo mpaka tarehe 6 Aprili 2022. Talaka zilizofunguliwa kuanzia siku hiyo zina "conditional order" kwanza, halafu "final order". Unayoitaka ni ya pili.

Ujerumani hukumu inaweza kuwa nzuri, ndefu na yenye muhuri, na bado isitoshe. Tafuta neno "rechtskräftig" pamoja na tarehe. Hilo ndilo tamko kwamba muda wa kukata rufaa umeisha na hukumu imekuwa ya mwisho. Kama halipo, mwandikie karani wa mahakama ile aligonge.

Hapa nyumbani omba hukumu na dikrii, vyote viwe nakala zilizothibitishwa na mahakama yenyewe. Hukumu inaeleza sababu, dikrii inataja amri. Talaka ikishasajiliwa, RITA, wakala wa serikali wa usajili, hutoa cheti cha talaka. Mwenye vyote vitatu alale usingizi. Mwenye cheti peke yake tunamshauri afuate na dikrii, kwa sababu cheti hakielezi mahakama iliamua nini.

Wakili alinigongea muhuri wa nakala halisi. Inatosha?

Muhuri ule unasema wakili aliona karatasi ikafanana na fotokopi yake. Hausemi kwamba mahakama inaitambua karatasi hiyo. Nakala inayotakiwa ni iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Mwanzoni, I-130 inapopelekwa, fotokopi inakubalika, na NVC, kituo cha viza cha Marekani kinachokusanya nyaraka kabla ya usaili, hupokea picha zilizoskaniwa. Siku ya usaili unabeba nakala yenye muhuri wa mahakama mkononi.

Mume wa kwanza alinipa talaka ya maandishi mbele ya shehe. Ninayo, ina mashahidi wawili.

Dada, kidini unaweza kuwa umeshamaliza na eda ukakaa. Kisheria, Tanzania Bara, bado.

Kifungu cha 12 cha Sheria ya Ndoa kinataja njia ambazo ndoa inakwisha: kifo, amri ya mahakama ya kudhani mwenza amekufa, ubatilisho, talaka ya mahakama, au talaka isiyo ya mahakama iliyofanyika nje ya Tanzania na ikatambuliwa hapa. Talaka ya maandishi iliyotolewa Kondoa haimo. Inayokaribia iko kifungu cha 107: kwa ndoa ya Kiislamu, baraza la usuluhishi likishathibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha, kisha mmoja akafanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, mahakama inalikiri na kutoa dikrii. Ile karatasi ya shehe basi ni ushahidi mzuri wa kupeleka mahakamani. Itunze.

Njia ni hii: kupita kwenye baraza la usuluhishi (la kata, la kanisa au la BAKWATA), kupewa hati kwamba usuluhishi umeshindikana, kisha kufungua shauri. Mahakama ya mwanzo, ya wilaya, ya hakimu mkazi na Mahakama Kuu zote zina uwezo wa kusikiliza shauri la ndoa. Zanzibar mambo ni tofauti: Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko, na Mahakama za Kadhi zina nafasi yake. Usichukue ushauri wa shangazi wa Unguja ukautumia Chemba.

Alikuwa Oman, akanitamkia talaka tatu kwa simu. Mimi nilikuwa Kondoa.

Swali hili huja mara nyingi kuliko mtu anavyodhani. Kifungu cha 92 kinaikubali talaka ya nje isiyo ya mahakama ikiwa ilikuwa na nguvu kwa sheria ya nchi ya makazi ya kudumu ya kila mmoja wa wanandoa, au ikiwa mahakama ya nchi hiyo imetamka kwamba ni halali. Wewe makazi yako yalikuwa Tanzania. Simu peke yake haikufikishi popote, na hata hati ya Kiarabu aliyoiandikisha huko inaweza kuzua ubishi.

Ushauri wetu ni kufungua shauri hapa. Sheria imekurahisishia: chini ya kifungu cha 101, kama mlalamikiwa anaishi nje ya Tanzania na hakuna matumaini kwamba ataingia nchini ndani ya miezi sita, hulazimiki kupita kwanza kwenye baraza la usuluhishi. Ni hivyo hivyo kama alikutelekeza na hujui aliko. Ile hati ya Oman itafsiriwe, iambatishwe.

Ndoa yetu ilikuwa ya kimila. Ng'ombe walirudishwa, wazee wakamaliza. Nasikia Wamarekani wanakubali talaka za kimila.

Umesikia nusu. Bodi ya Rufaa ya Uhamiaji ya Marekani ilikwishaamua mashauri ya namna hii: la Nigeria mwaka 1976, na la Ghana mwaka 2008, ambapo ilisema hati za kiapo za wakuu wa familia zote mbili zinaweza kuthibitisha talaka ya kimila. Maamuzi hayo watu huyatumiana kwenye makundi ya WhatsApp kama habari njema kwa Afrika nzima.

Lile la Ghana lilipita kwa sababu moja tu: sheria ya Ghana yenyewe inairuhusu ndoa ya kimila ivunjwe kimila. Mmarekani alikuwa akiifuata sheria ya Ghana. Akija kwetu atafuata ya kwetu, na ya kwetu inaiweka ndoa ya kimila ndani ya Sheria ya Ndoa, ambayo mlango wake wa kutokea ni mahakama. Ng'ombe waliorudi Bahi ni ushahidi kwamba wazee walikubaliana. Dikrii bado inahitajika.

Dikrii ilitoka baada ya kufunga ndoa mpya. Nifanyeje?

Usibadilishe tarehe yoyote. Usimwombe karani akusaidie.

Kama siku ya harusi mpya ndoa ya kwanza ilikuwa bado hai, harusi ile haikuzaa ndoa halali, na maombi yatakataliwa hata kama mna watoto watatu na picha za ukumbini. Dawa ipo, na haina mjadala: mnafunga ndoa upya baada ya talaka kukamilika, kisha mnapeleka I-130 mpya ikiwa na cheti kipya. Inauma kwa ada na muda. Lakini wanaofanya hivyo mapema, kabla ya kuulizwa, wanapoteza kidogo kuliko wanaongoja waumbuliwe kwenye usaili.

Na kwa ambao bado hawajafunga: siku za kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa shauri la ndoa ni 45. Ziache zipite ndipo uende kuandikisha taarifa ya ndoa, ambayo nayo hukaa siku 21.

Mchumba wangu ni Mmarekani na ndiye aliyewahi kuoa. Inanihusu nini?

Inakuhusu sawasawa. Talaka yake ikiwa na kasoro, ndoa yenu ina kasoro. Mwombe nakala ya dikrii iliyothibitishwa na karani wa mahakama ya kaunti, na usome tarehe. Baadhi ya majimbo yana muda wa kungoja. California, ndoa haikatiki mpaka ipite miezi sita tangu mwenzake alipokabidhiwa hati za shauri. Wisconsin, aliyetalikiwa haruhusiwi kuoa mahali popote ndani ya miezi sita baada ya hukumu, na "mahali popote" ni pamoja na bomani Dodoma. Jamaa anayekwambia "talaka ilitoka mwezi uliopita, tufunge Jumamosi" mpende tu, lakini muulize ni jimbo gani.

Nani anaruhusiwa kutafsiri?

Hukumu za mahakama ya mwanzo ni za Kiswahili, kwa hiyo swali hili halimkwepi mtu wa huku. Kanuni inataka tafsiri kamili kwa Kiingereza, pamoja na tamko la mtafsiri lenye saini kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha zote mbili. BAKITA wanatafsiri na kuthibitisha. Mtafsiri binafsi pia anakubalika. Mwenye maombi mwenyewe asitafsiri, hata kama Kiingereza anakiota.

"Kamili" maana yake na mihuri, na maandishi ya mkono pembeni, na neno lililofutika. Tukishindwa kulisoma tunaandika kwamba halisomeki. Hatubahatishi.

Tuseme na kosa letu. Mama mmoja alituletea hukumu ya mahakama ya mwanzo yenye tarehe 09/03/2021, yaani tarehe 9 Machi. Alikuwa ameolewa upya Juni 20 mwaka huo huo. Mimi niliyetafsiri nikaiacha tarehe vile vile kwa tarakimu. Mmarekani huanza na mwezi: akasoma Septemba 3. Kwa macho yake mama alikuwa ameolewa akiwa mke wa mtu. Barua ikaja ya kudai ushahidi, muda wa kujibu siku 84, na mume wake kule hakupata usingizi mpaka ilipojibiwa. Tulirudia tafsiri bila malipo, tukaomba mahakama barua ya kuthibitisha tarehe. Tangu siku hiyo hakuna tafsiri inayotoka hapa bila mwezi kuandikwa kwa herufi.

Jina kwenye talaka si lile la kwenye pasipoti.

Mwanahamisi na Mwana Hamisi, Elizabeti na Elizabeth, jina la babu limeingia huku na kule halimo. Tofauti ya herufi moja mbili inaelezwa kwa hati ya kiapo na nyaraka nyingine zinazoonyesha kwamba ni mtu yule yule. Kama jina limebadilika kabisa, fuata utaratibu wa hati ya kubadili jina. Usirekebishe kwa kalamu.

Mahakama inasema faili halionekani.

Kwanza rudi na namba ya shauri na mwaka, maana karani hatafuti kwa jina la mtu. Huna namba? Iko kwenye samansi ya zamani, kwenye risiti ya ada, au kwa yule mliyeshtakiana naye (pole). Jaribu pia RITA, endapo talaka iliwahi kusajiliwa.

Kama kweli halipo, omba barua rasmi ya mahakama, yenye nembo na saini, ikisema nyaraka hazipatikani na kwa nini. Bila barua hiyo huwezi kuruka kwenda kwenye ushahidi mwingine. Ukishaipata, unaleta nyaraka za pili: nakala ya zamani, risiti, barua ya baraza la usuluhishi. Hizo nazo zikikosekana, hati za kiapo za watu wawili au zaidi ambao si wahusika wa maombi na waliojua jambo lenyewe kwa macho yao. "Nilisikia kwa dada yake" haimo.

Nigonge muhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje?

Kwa viza hii, nakala iliyothibitishwa na mahakama iliyotoa inatosha kwa kawaida. Safari ya Mtumba kwa ajili ya muhuri huo unaweza kuiacha, isipokuwa umeandikiwa uupeleke.

Tuliishi miaka sita bila ndoa. Naandika nimewahi kuolewa?

Kifungu cha 160 kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawaona mke na mume, kunakuwa na dhana kwamba walioana, nayo dhana hiyo inaweza kupingwa. Kama hamkuwahi kufunga ndoa yoyote na hakuna mahakama iliyotamka lolote, jibu la kawaida ni kwamba hukuolewa. Kama kulikuwa na mahari na sherehe ya kimila, muone wakili kabla ya kujaza.

Kubwa zaidi ni kulingana kwa majibu. Tazama fomu za viza ulizowahi kujaza, hata ile ya matembezi ya mwaka 2016 ambayo rafiki alikujazia kwenye intaneti kafe. Tazama cheti chako cha ndoa mpya, kwenye nafasi ya hali yako kabla ya ndoa. Kama kimoja kinasema hukuwahi kuolewa na kingine kinaleta talaka, eleza kabla hujaulizwa. Kosa la kujaza linaelezeka. Uongo wa makusudi kuhusu jambo la msingi unamfungia mtu mlango maisha yake yote, na kuufungua kunahitaji msamaha maalumu ambao haupatikani kirahisi.

Mume wa kwanza alifariki kabla hatujatalikiana.

Cheti cha kifo. Kibali cha mazishi hakitoshi.

Nimetoka usaili na karatasi ya 221(g).

Maana yake viza imesimamishwa mpaka ulete kilichopungua. Soma kilichowekewa alama. Kama ni hati ya talaka tu, una mwaka mmoja tangu siku hiyo kuipeleka. Ukipitisha unaanza upya na ada upya. Usipeleke kipande kipande. Na kwa kuwa masharti ya kuingia Marekani hubadilika kwa matangazo ya rais wao, angalia hali ilivyo kwa raia wa Tanzania kabla ya kulipa ada yoyote.

Nikija ofisini nibebe nini?

Kila karatasi ya ndoa ya kwanza, hata iliyochanika, hata unayoiona haina maana. Vyeti vya ndoa zote. Pasipoti. Namba ya shauri ukiwa nayo. Na tafadhali usipitie kwanza Majengo kuzilaminetia. Tulishapokea dikrii iliyofungwa kwenye plastiki ngumu, na ule muhuri wa kugandamiza, ambao mtu huuhakiki kwa kupitisha kidole, ukawa hausikiki tena. Mwenye nayo alirudi mahakamani kuomba nyingine.